Chuma cha Dola Tatu

Hermelinda Barragán alikuwa na mikono miwili kama binadamu wengine, ila kila alfajiri ilimbidi aisubiri iamke. Yeye aliamka saa kumi. Mikono iliamka saa kumi na moja kasorobo, tena kwa kujivuta. Muda huo wa katikati alikaa ukingoni mwa kitanda, vidole vimejikunja kama miguu ya kuku kwenye supu, akivitazama kama mwenye nyumba anavyowatazama wapangaji wasiolipa wala kuhama.

"Yare," aliita. "Njoo unifunge."

Binti yake Yaretzi, wa miaka kumi na minne, alikuja jicho moja limefunguka, jingine bado liko ndotoni. Akamfunga mama yake sidiria, akamfunga vifungo vya shati, akapiga magoti akamkaza kamba za mabuti.

"Wenzangu wanalea wakishaolewa," alisema. "Mimi nimeanza mapema."

"Kaza kamba, acha mdomo."

"Na kahawa nikunyweshe, au leo utajitahidi?"

"Yaretzi."

"Nauliza tu, mwanangu."

Huko jikoni Nicanor, baba mtu, alicheka mpaka kahawa ikampalia. Yeye alifanya kazi kwenye mazizi ya kunenepeshea ng'ombe, nje ya mji; mkewe alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuwakata. Ng'ombe wa upande ule wa Kansas walipita kwanza kwa bwana wakashiba, halafu wakafika kwa bibi wakawa steki. Nicanor alipenda kusema kwamba ndoa yao ni kampuni, na kwamba anayeonewa ni ng'ombe peke yake. Hilo la mwisho alilisema zamani. Tangu mikono ya mkewe ife ganzi alikuwa haliongezi.

Oktoba Yaretzi angetimiza miaka kumi na tano, na kwa watu wao siku hiyo si ya keki na mishumaa tu. Ukumbi hukodiwa, misa husomwa, na kila kitu hutafutiwa mdhamini wake. Baba humvua binti viatu bapa mbele ya kadamnasi, akamvisha vya visigino, vya kwanza maishani mwake. Na asubuhi ya siku hiyo, katika ukoo wa kina Hermelinda, mama humsuka binti nywele kwa mkono wake mwenyewe; bibi alimsuka mama, mama akamsuka Hermelinda. Sasa gauni lilikuwa na mtu, ni mjomba. Keki ilikuwa na mtu, ni shangazi. Viatu vilikuwa na Chayo, mama yake wa ubatizo. Nywele zilikuwa na Hermelinda, na Hermelinda hakuwa na vidole.

Alikwenda zahanati ya kiwanda mara tatu. Muuguzi alikuwa mwanamke wa sauti ya kubembeleza, na dawa yake ilikuwa moja kwa maradhi yote: vidonge viwili vyeupe, taulo la moto dakika kumi, kisha urudi kazini. Mara ya tatu akachukua fomu.

"Nyumbani unafanya kazi gani za mikono?"

"Napika. Nafua."

"Unakanda unga?"

"Wa tortila. Jumapili."

"Ahaa," muuguzi alisema, kwa furaha ya mtu aliyeiona miwani yake iliyopotea, akaandika. "Basi ndiyo hiyo. Punguza tortila."

Hermelinda akarudi meza namba nne, akashika kulabu mkono wa kushoto na kisu mkono wa kulia, akaendelea kutenga nyama na mifupa ya mabega ya ng'ombe, elfu mbili na ushee kwa siku, huku akizijutia tortila zake ishirini za Jumapili.

*

Jumamosi moja ya Aprili, mjane mmoja wa mtaa wa juu alitandaza vitu vya marehemu mumewe uani kwake, avipunguze kabla havijamkalia rohoni. Hermelinda alikwenda na Chayo, kwa jina la cheti Rosario. Chayo ndiye aliyempakata Yaretzi siku ya ubatizo, na tangu hapo wawili hao waliitana komadre. Kwa watu wao huo ni undugu unaoupita wa tumbo, maana ndugu wa tumbo hukuulizwa. Kiwandani pia Chayo alisimama kushoto kwake, bega kwa bega, meza ile ile.

Chini ya rundo la mabomba Hermelinda aliona fimbo ya chuma, nene kama kidole gumba, laini kama kioo, yenye mpini wa mti uliong'aa kwa jasho la miaka.

"Hii ya nini?" alimuuliza mjane.

"Sijui, mpenzi. Marehemu alikuwa na duka la nyama kabla kiwanda hakijaja. Nipe dola tatu."

"Dola tatu kwa fimbo?" Chayo alisema. "Komadre, njoo kwangu, fimbo ziko bure, na wa kuchapwa pia wapo wawili."

"Ya kuchochea mkaa. Nicanor anachochea kwa uma wangu wa kulia."

"Mnunulie adabu, utakuwa umeokoa uma wote."

Akanunua. Jioni ile ile Nicanor aliwasha jiko la mkaa uani, na Hermelinda alikuwa anachochea kwa chuma chake kipya pale gari la mzee Bounmy liliposimama nje ya uzio. Bounmy alikuwa Mlao, mkavu kama samaki wa kuanikwa, aliyefanya kazi pale kiwandani miaka ishirini na tisa. Meza namba nne alisimama kulia kwa Hermelinda na katika miaka sita hakuwa amemwambia maneno yanayojaza kikombe. Jumamosi aliuza kambale mtaa kwa mtaa, akiwapima wabichi wakidondosha maji, kwa mizani iliyomwinamia yeye.

"Unachochea mkaa kwa hicho?" aliuliza.

"Nichochee kwa pua?"

Mzee alifungua lango bila kukaribishwa, akamnyang'anya chuma, akakipangusa kwa shati lake mwenyewe, akakiinua kwenye mwanga. "Mwanamke," alisema, "umepengea kamasi kwenye noti ya dola mia. Lete kisu cha jikoni."

Kisu kililetwa. Kilikuwa butu kiasi kwamba Yaretzi alikitumia kupakia siagi. Mzee akakipitisha juu ya chuma, huku mara moja, huku mara moja, taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto aliyelala asimwamshe. Kikatoa mlio mwembamba. Alifanya hivyo mara kumi, halafu akachukua nyanya, akaweka kisu juu yake, akaachia mpini. Kisu kikazama chenyewe, kama kimeitwa.

"Kile chuma walichokupa kazini kina meno kama msasa," mzee alisema. "Halafu wakakuonyesha filamu ya dakika mbili, wakakwambia sugua. Nawe unasugua kama masufuria. Unayala makali yako mwenyewe. Kabla ya mapumziko ya kwanza huna kisu, una kijiko. Na kijiko hakikati nyama. Mkono ndio unaokata."

Hermelinda alitazama mkono wake. Miaka sita, na kumbe alikuwa anakata nyama kwa mkono.

"Umesimama kulia kwangu siku zote," alisema. "Mbona hukuniambia?"

"Zamani nilimwambia mmoja. Akawa nyapara."

Nicanor alicheka. Mzee hakucheka.

*

Ilichukua Jumamosi nne. Mwalimu alilipwa tortila na matusi madogo madogo, na mwanafunzi aliviua visu vitatu vya jikoni kabla ya kukipatia cha nne. "Sikiliza," mzee alisema. "Kikilia kama mbu, sawa. Kikilia kama mlango wa choo, umeharibu." Hermelinda akajifunza kusikiliza. Akakipeleka chuma kazini, amekifunga kiunoni pembeni ya kile cha kampuni, na kila baada ya mabega matano alikipangusia kisu mara tatu, bila haraka.

Jumamosi ya nne, mzee alipokuwa anafungasha mizani yake, alimwita kando.

"Sasa nikupe lile ambalo ni muhimu kuliko kunoa. Makali ni yako, mwendo ni wao. Kisu kikikata haraka, wewe usiende haraka. Muda utakaobaki upe mkono wako, uutie mfukoni, unyamaze. Wakiuona huo muda, watauchukua."

"Watauchukuaje muda?"

"Ukiwaonyesha, utajua."

Juni, asubuhi moja, Yaretzi aliingia chumbani akipiga miayo, akamkuta mama yake amevaa, amefunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, amekaa anamsubiri.

"Nimefukuzwa kazi?" binti aliuliza.

"Umestaafu. Geuka huku."

Akamketisha sakafuni kati ya magoti yake, akazitenga nywele njia tatu, akasuka. Vidole vilipita kwenye nywele vikazisikia, unywele mmoja mmoja, wenye baridi na usingizi. Akasuka mpaka mwisho, akafumua, akasuka tena, kwa ulafi.

"Mama, unanivuta ngozi ya kichwa."

"Nyamaza. Nazoea."

"Unazoea kwa kichwa cha nani?"

Nicanor alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Siku hiyo alikumbuka kusema kwamba anayeonewa nyumba ile ni ng'ombe peke yake.

*

Sasa, mtu aliyepona haraka ana ugonjwa mmoja uliobaki: hawezi kuona mwingine anaumwa akakaa kimya. Hermelinda alianza na kisu cha komadre. Chayo alikipitisha kwenye bega la kwanza akasimama, akadhani amekata hewa.

"Wee. Umekifanya nini?"

"Nimekipangusa."

"Basi nipanguse na mimi."

Halafu wa mbele ya meza akaomba, na wa nyuma yake, na kufika Julai Hermelinda alikuwa anavipangusa visu vinane kabla ya zamu na tena wakati wa mapumziko, watu wamempangia foleni kama wa komunyo. Bounmy peke yake alinoa chake mwenyewe, na kila foleni ilipojipanga alitema mate pembeni.

Nyama ikaacha kurundikana. Mikono ikaanza kupata sekunde mbili tatu kati ya bega na bega, na watu wakizipata sekunde wanaongea, na wakiongea Chayo yupo, na Chayo akiwepo watu wanacheka. Hilo ndilo lililowachoma. Kiwanda kile kilikuwa na kelele za misumeno, minyororo na feni za baridi, lakini nyapara Kirby, bwana wa kofia nyekundu, alikuwa na masikio yanayotambua kicheko toka chumba cha pili. Kwake kicheko kilikuwa kama bomba linalovuja.

Alisimama nyuma ya meza namba nne siku mbili. Siku ya tatu akamwita Hermelinda pembeni.

"Wewe ndiye unayewanolea?"

"Ndiyo, bwana. Wakati wangu wa mapumziko, si wa kampuni."

"Usiogope. Nimependa. Nataka kukuombea kofia ya kijani." Kofia ya kijani ilikuwa ya mwalimu wa kazi, na mvaaji wake alipata dola moja na nusu zaidi kwa saa. "Alhamisi anakuja mtu kutoka makao makuu, anataka kuona meza bora. Muonyesheni."

Habari ikaenea kabla hajarudi kwenye kulabu yake. Wengine walisema watapewa majaketi yenye nembo. Chayo alisema yeye jaketi analo, anataka mwanamume wa kulijaza. Bounmy alingoja wengine waondoke.

"Alhamisi usinoe," alisema.

"Mzee, wanataka kutusifu."

"Usinoe. Wape visu vya kampuni, vile vijiko. Mwache aone vijiko."

"Mgeni anakuja, nimpe mgongo?"

"Huyo si mgeni. Mgeni haji na saa mkononi kukupima unavyotafuna."

Hermelinda aliondoka zake. Kwao, mgeni akija huchinjwa kuku anayetaga. Mama yake alishawahi kuazima sahani jirani ili katekista asiione iliyokatika pembe. Na ile dola moja na nusu kwa saa alikuwa ameshaila kichwani: alikwisha kumlipa mpiga picha, akaongeza na maua. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hawakuwahi kusimama meza namba nne.

*

Alhamisi alifika nusu saa kabla ya wengine akavipangusa visu vyote vinane, tena mara mbili. Chayo alipaka rangi ya midomo, na juu yake akavaa barakoa ya kazi.

"Nani ataiona?" Hermelinda alimuuliza.

"Mimi najua ipo. Inaniongezea kasi."

Mgeni alikuwa kijana mpole, kofia nyeupe mpya, ubao wa karatasi kifuani na saa ndogo ya kubonyeza. Alisalimia kila mtu. Akasimama saa tatu nzima, akabonyeza, akaandika. Na meza namba nne ikampikia karamu. Mabega yalipita kama yanateleza kwenye mafuta, mifupa ikatoka mieupe kama imelambwa. Sekunde zao zote walizozificha mifukoni tangu Juni wakazitoa mezani, wakazimwagia mgeni mpaka zikamfurikia. Katikati ya furaha hiyo mzee Bounmy alikata polepole, kwa kisu kilichotoka chumba cha visu asubuhi ile bila kupanguswa, na nyama mbele yake ikarundikana.

"Mzee leo ameamka vibaya," Chayo alinong'ona.

Mgeni alimtazama mzee. Akabonyeza. Akaandika.

Mwisho alimpa Hermelinda mkono. Ulikuwa laini kama unga uliokandwa na mtu mwingine. "Kazi nzuri sana," alisema, na hakuwa anadanganya.

Ijumaa waliletewa piza, maboksi matatu kwa watu tisa. Majaketi hayakuja.

Jumatatu walipoingia, walikuta mikeka saba. Kila mtu pale alikuwa na mkeka wake mzito wa mpira wa kusimamia, sakafu isimle miguu, na ile mikeka haikuwahi kuhama mahali pake. Sasa ilikuwa saba, imetawanywa vizuri, nafasi sawasawa, kama meza ile haikuwahi kuwa na watu tisa tangu iumbwe. Watu tisa walisimama wakaitazama. Wakakumbuka mchezo wa watoto, ule wa viti na muziki, isipokuwa hapakuwa na muziki.

Kirby alisoma majina mawili kwenye karatasi. Bounmy, kwa sababu ya mwendo. Rosario, kwa sababu kati ya waliobaki ndiye aliyeajiriwa mwisho. Nafasi zao zilikuwepo kwenye zamu ya kuosha mashine, saa tano usiku mpaka alfajiri. Asiyetaka, kuna karatasi ya kusaini.

"Nina watoto wawili na sina mtu," Chayo alisema. "Usiku nitawaachia nani, ng'ombe?"

"Ni hiari," Kirby alisema. "Hakuna anayekulazimisha."

Chayo alivua glovu, moja, kisha nyingine, akaziweka mezani zimelaliana vizuri. Hakumtazama komadre wake. Mzee Bounmy alichukua muda mrefu zaidi. Alifungua chuma chake kiunoni, akakifunga kwenye kitambaa, akatia mfukoni mwa koti. Alipopita nyuma ya Hermelinda alisimama.

"Si uliuliza watauchukuaje," alisema.

Jumamosi gari la kambale lilipita mtaani kama kawaida. Hermelinda alitoka na pesa mkononi. Gari lilipunguza mwendo kwa jirani wa kushoto, likaongeza mwendo mbele ya lango lake, likapunguza kwa jirani wa kulia.

*

Kofia ya kijani ilikuja Agosti. Kirby alimkabidhi mwenyewe, akamwambia pia kwamba kampuni imeagiza vyuma laini vya kutosha kiwanda kizima, na kwamba ile filamu ya zamani imetupwa. Ilipigwa mpya. Mpiga filamu alimwomba Hermelinda apanguse kisu mbele ya kamera, polepole, na tena, na mara ya mwisho. Uso haukutakiwa. Mikono tu.

Meza nyingine nazo zikapimwa, zikapunguzwa mikeka. Mkanda unaoleta mabega ukaongezwa mwendo. Watu saba wa meza namba nne walikuwa na visu vikali kuliko wembe na hawakuwa na sekunde hata moja ya kuvipangusa, hivyo kufika mapumziko ya kwanza vilikuwa vijiko kama zamani. Na kofia ya kijani haikumtoa Hermelinda mezani. Alifundisha wageni Jumatatu asubuhi, kwa saa moja tu, na wiki iliyobaki alikata kama wenzake, isipokuwa kwa rangi nzuri zaidi kichwani.

Septemba katikati, Yaretzi alisikia jina lake saa kumi alfajiri.

Alikuja. Akamkuta mama yake ukingoni mwa kitanda, vidole vimejikunja. Akamfunga sidiria, vifungo, kamba. Safari hii hakusema utani wowote, na huo ukimya Hermelinda aliuona mzito kuliko masihara yote ya Machi.

Siku hiyo hiyo baada ya kazi alipika tamale za unga wa mahindi na nyama, akazifunga kwenye kitambaa, akaenda kwa Chayo. Hakuwa amefika pale tangu ile Jumatatu. Alikuwa amejipangia kwenda kila wiki na kila wiki alipata sababu. Chayo alifungua mlango nusu, akabaki amesimama katika ile nusu.

"Komadre."

"Mwalimu," Chayo alijibu.

"Nimekuletea tamale."

"Za mfupa au za steki?"

"Chayo, mimi sikujua."

"Hukujua. Mzee alikwambia, nilimsikia kwa sikio langu hili, nilikuwa nafunga kamba ya buti nyuma ya kabati. Nikasema moyoni, mwache anoe, labda jaketi litakuwa zuri." Alicheka kidogo, bila meno. "Kwa hiyo usilie hapa. Ujinga tuliutia wote chungu kimoja. Ila wewe ndiye uliyepakuliwa."

"Niseme na Kirby?"

"Umwambie nini? Umnolee tena?"

Nyuma yake watoto walikuwa wanagombania kitu. Chayo alipokea kitambaa cha tamale, maana chakula hakirudishwi, lakini nusu ya mlango ilibaki nusu.

"Kuhusu viatu," Hermelinda alianza, "tutaelewa kama..."

"Viatu nilikwisha nunua Julai. Nilimwahidi mtoto, si wewe. Nitakuja."

*

Asubuhi ya sherehe Hermelinda alimketisha binti sakafuni kati ya magoti yake. Alizitenga nywele njia tatu. Fungu la kwanza likamponyoka, akaliokota. La pili likaponyoka alipookota la kwanza. Alijaribu kwa meno, kama anavyofanya mtu anayefunga mzigo. Yaretzi alikaa shingo imenyooka, kama anavyokaa mtu aliyetuliwa na ndege begani. Kisha akasema, bila kugeuka:

"Ziachie tu, mama. Siku hizi wanaziachia."

Wakaziachia.

Ukumbini, baada ya misa, baada ya nyama na wali, mpiga muziki alitangaza viatu. Kiti kiliwekwa katikati. Yaretzi akakaa, gauni limemzunguka kama wingu la pinki. Chayo alitoka kwenye meza ya nyuma kabisa amebeba mto mdogo, na juu yake viatu vyeupe vya visigino, vyenye mkanda mwembamba na kifungo kidogo cha kukodolea macho. Akaukabidhi mto kwa Nicanor, akarudi hatua mbili.

Nicanor alipiga magoti, akamvua binti viatu bapa, akamvisha vya visigino. Ikabaki mikanda. Vidole vyake vilikuwa vya kufungulia malango ya mazizi. Kifungo kilimpotelea kati ya gumba na shahada. Watu wakacheka kwa upendo.

"Mama amsaidie," mpiga muziki alisema kwenye kipaza sauti. "Mama yuko wapi?"

Hermelinda alikwenda akapiga magoti. Akashika mkanda, au aliona ameushika. Ulianguka. Akaushika tena. Tundu lilikuwa dogo kama jicho la sindano, na vidole vyake vilikuwa mbali, kama vya mtu anayehangaika ng'ambo ya barabara. Mara ya tatu. Mara ya nne. Watu walianza kupiga makofi ya kumtia moyo. Walidhani machozi yanamzuia kuona. Nicanor alijua, akatazama sakafu. Yaretzi alijua, akaweka mkono juu ya kichwa cha mama yake.

Gauni la kijani lililopigwa pasi vizuri lilishuka pembeni yake. Chayo alikuwa amepiga magoti.

"Nipishe, komadre," alisema polepole, kwa sauti ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. "Mikono yangu mimi imepumzika."

Akaufunga mkanda wa kulia, kwa mwendo mmoja. Akaufunga wa kushoto. Akasimama, akajikung'uta magoti, akarudi meza ya nyuma kwa watoto wake.

Yaretzi aliinuka. Aliyumba hatua ya kwanza, ya pili akasimama sawa, mrefu kuliko mama yake, na muziki ukaanza. Ukumbi wote ulipiga makofi. Hermelinda, bado amepiga magoti, naye akapiga. Aliitazama mikono yake ikigongana mbele ya uso wake, mara moja, mara mbili, mara nyingi, kama ile ya kwenye filamu, na viganjani hakusikia kitu.